Jiwe huanguka kwa Newton, ugumu wake ni wa kwanta

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu sheria zinazoongoza vitu ni mafupi na yanamezeka kirahisi: vitu vikubwa vinafuata mekanika ya Newton, yaani hesabu zake za mwendo na kani, vitu vidogo vinafuata kwanta, nadharia ya atomi na chembe zake. Ukiuliza mpaka uko wapi, unaambiwa ni huko kwenye atomi, na mazungumzo yanaishia hapo.

Okota jiwe, kisha liachie lianguke. Anguko lake utalikokotoa kwa sheria ambazo Isaac Newton alizichapisha mwaka 1687, na jibu litakuwa sahihi kuliko saa yako inavyoweza kupima. Sasa liokote tena, ulibinye. Ni gumu. Kuhusu ugumu huo Newton hana la kusema. Kwa fizikia ya karne ya 19, elektroni inayozunguka kiini cha atomi ilipaswa kutoa mnururisho, yaani mawimbi kama ya mwanga, mfululizo, kupoteza nishati na kuzama kwenye kiini katika muda wa kama sekunde 0.00000000002. Jiwe lisingekuwepo la kuangusha. Linakuwepo kwa sababu elektroni ukiibana kwenye nafasi ndogo mwendo wake unazidi kuchachamaa, na kwa sababu elektroni mbili haziwezi kukaa katika hali moja ileile, katazo ambalo Wolfgang Pauli alilitoa mwaka 1925. Mwaka 1967 Freeman Dyson na Andrew Lenard walithibitisha kihisabati kwamba katazo hilo ndilo linaloizuia maada isiporomoke ndani yake yenyewe.

Sumaku nayo ni hivyohivyo. Niels Bohr alionyesha mwaka 1911, na Hendrika van Leeuwen akalipanua jambo hilo mwaka 1919, kwamba ukitumia mekanika ya kale, yaani ya kabla ya kwanta, peke yake, jumla ya usumaku wa kitu chochote kilichotulia kwenye joto lake inatoka sifuri kamili. Kila sumaku unayoishika, basi, ni ushahidi wa kwanta unaojaa mkono.

Kwa kadiri vipimo vilivyofika, mpaka wa ukubwa haupo. Kuna nadharia moja, ya kwanta, na ndani yake kuna mazingira ambamo hesabu za Newton zinatoka karibu sawasawa. Kazi ni kueleza mazingira hayo ni yapi. Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, na matamu, kuliko yale maelezo mafupi yanavyoahidi.

Kipimo kiitwacho tendo

Mwezi Desemba 1900 Max Planck, akihangaika na rangi za mwanga unaotolewa na vitu vyenye moto mkali, alilazimika kudhani kwamba nishati inatoka kwa vipande. Ukubwa wa kipande ni masafa ya mwanga, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, mara namba ndogo aliyoiita h. Tangu mwaka 2019 namba hiyo imefungwa rasmi katika mfumo wa vipimo wa kimataifa: 6.62607015 × 10⁻³⁴ jouli-sekunde.

Watu wengi huikodolea macho ile −34 wakasahau kusoma kizio. Jouli-sekunde ni nishati mara muda. Kiasi cha namna hiyo hakikuletwa na kwanta. Kilikuwa kinajulikana kwenye mekanika zaidi ya miaka 150 kabla ya Planck, kwa jina la tendo. Pierre Louis Maupertuis alikizungumzia mwaka 1744, Leonhard Euler na Joseph-Louis Lagrange wakakinyoosha, na William Rowan Hamilton akakipa sura tunayoitumia mpaka leo katika miaka ya 1830. Kukipata, unachukua nishati ya mwendo ya kitu, unatoa nishati inayotokana na mahali kilipo, kisha unajumlisha tofauti hiyo punde kwa punde kwa safari nzima. Hamilton alionyesha kwamba sheria za Newton zinaweza kuandikwa upya kwa sentensi moja: kati ya njia zote ambazo kitu kingeweza kupita kutoka hapa hadi pale kwa muda uliopangwa, kinapita ile ambayo ukiipinda kidogo tu, tendo lake halibadiliki.

Kwa hiyo swali la kikubwa au kidogo linapata maana kamili: tendo la mwendo huu ni h ngapi? Mpira wa miguu wa gramu 430 unaokwenda mita 20 kwa sekunde una nishati ya mwendo ya jouli 86. Ukiwa angani kwa sekunde moja, tendo lake linahesabika kwa h zipatazo 10³⁵. Elektroni ya haidrojeni ikiwa kwenye ngazi yake ya nishati ya chini kabisa, kwa namna Bohr alivyohesabu mwaka 1913, inamaliza mzunguko kwa h moja tu. Ni kama kupima mchanga: lori zima halikuonyeshi kwamba mchanga ni punje, lakini punje moja kwenye kiganja haina namna ya kujifanya maji.

Ngazi ya 100

Hapa inafaa kutulia na namba, kwa sababu ndipo kwanta na mekanika ya kale zilipopeana mkono kwa mara ya kwanza.

Bohr alisema elektroni ya haidrojeni inakaa kwenye ngazi zenye namba 1, 2, 3 na kuendelea, na inatoa mwanga pale tu inaposhuka kutoka ngazi moja hadi nyingine. Hilo liliwaudhi wengi. Kwa fizikia ya kale, chaji inayozunguka mara bilioni moja kwa sekunde inatoa mawimbi ya masafa hayohayo, mara bilioni moja kwa sekunde. Wimbi linamfuata anayelitikisa. Kwa Bohr masafa ya mwanga yanatokana na tofauti ya nishati kati ya ngazi mbili, na mzunguko wa elektroni hauulizwi chochote.

Tazama chini kabisa. Kwa mfano wa Bohr, kwenye ngazi ya 1 elektroni inazunguka mara trilioni 6,580 kwa sekunde. Kwenye ngazi ya 2 inazunguka mara trilioni 822. Ikishuka kutoka ya 2 hadi ya 1, mwanga unaotoka una masafa ya trilioni 2,467 kwa sekunde. Haulingani na mzunguko wa kwanza wala wa pili. Fizikia ya kale imekosea kabisa.

Sasa panda juu. Kwenye ngazi ya 100 mizunguko ni bilioni 6.58 kwa sekunde, na kwenye ngazi ya 99 ni bilioni 6.78. Mnururisho wa kushuka kutoka ya 100 hadi ya 99 una masafa ya bilioni 6.68. Umekaa katikati ya mizunguko yote miwili, na tofauti ni kama asilimia 1.5. Nenda ngazi ya 1,000 na tofauti inashuka chini ya asilimia 0.2. Hakuna aliyeilazimisha elektroni ibadili sheria. Ni ngazi zenyewe zilizosogeleana mpaka mrukio ukafanana na mtiririko.

Atomi ya namna hiyo si ya kufikirika tu. Haidrojeni kwenye ngazi ya 100 ina upana wa zaidi ya elfu moja ya milimita, sawa na bakteria mdogo, na katika mawingu ya gesi kati ya nyota, ambako atomi hazigongani ovyo, zinaweza kuishi. Mwaka 1965 wanaastronomia wa redio huko Green Bank, Marekani, walinasa mnururisho wa haidrojeni inayoshuka kutoka ngazi ya 110 hadi ya 109. Ulikuja kwa masafa ya karibu gigahezi 5, yaani kwa antena ya redio, kutoka kwenye atomi ile ambayo miruko yake ya chini tunaiona kwa macho kama rangi nyekundu na buluu.

Kuanzia 1920 Bohr aliuita uhusiano huu kanuni ya ulinganifu. Siku hizi kanuni hiyo hufundishwa kana kwamba inasema tu "namba zikiwa kubwa, kwanta inageuka kuwa ya kale". Naona ni kuipunja. Bohr aliona zaidi ya hapo: mrukio wa ngazi moja unalingana na mtetemo wa msingi wa mzunguko wa kale, mrukio wa ngazi mbili unalingana na mtetemo wa pili wenye masafa maradufu, na kuendelea hivyo, na mtetemo usiokuwemo kwenye mzunguko wa kale unaashiria mrukio usiotokea. Alikuwa anaitumia mekanika aliyoibomoa kama ramani ya jengo jipya.

Mifupa ileile

Mwezi Juni 1925 Werner Heisenberg, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akisumbuliwa na mzio wa chavua, alikwenda kupumzika kisiwani Helgoland. Huko aliamua kuachana na njia ya elektroni ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na kufanya hesabu kwa majedwali ya vitu vinavyopimika: masafa na nguvu za miruko. Majedwali hayo yalikuwa na tabia ya ajabu. Mahali mara momenta (masi ya kitu mara kasi yake) haikutoa jibu sawa na momenta mara mahali. Max Born aliyatambua kuwa ni matriki, aina ya majedwali ya namba ya kihisabati, na pamoja na Pascual Jordan akaandika tofauti ya mazao hayo mawili: ni h, ikigawanywa kwa 2π na kuzidishwa kwa kipeuo cha pili cha −1, ile namba ya kidhahania wanayoiandika i. 

Paul Dirac, naye akiwa na miaka 23, aliipata kazi ya Heisenberg akiwa Cambridge. Tofauti ile ilimkumbusha kitu alichokuwa amewahi kukisoma juujuu kwenye mekanika ya juu, alama ambayo Siméon Denis Poisson aliibuni mwaka 1809 kwa ajili ya hesabu za sayari. Wazo lilimjia akitembea siku ya Jumapili. Vitabu alivyokuwa navyo havikuwa na maelezo ya kutosha, na maktaba zilikuwa zimefungwa. Alisubiri mpaka Jumatatu asubuhi, akakimbilia maktaba, akakuta ndivyo. Kila palipo na mabano ya Poisson kwenye mekanika ya kale, weka tofauti ya mazao mawili, igawanye kwa h iliyogawanywa kwa 2π na kwa ile namba i, na umepata mekanika ya kwanta.

Jambo hili halisemwi vya kutosha. Mekanika ya kale ilivuliwa nyama lakini mifupa haikuguswa. Ukitaka kuandika mlinganyo wa kwanta wa mfumo mpya, kwa kawaida unaanza kwa kuandika nishati yake kama Hamilton angeiandika, halafu unabadili maana ya herufi. Nadharia inayodai kuwa ya ndani zaidi inaazima nguo kwa ile inayodai kuizaa. Kuna vitu ambavyo haviazimwi, kama spini ya elektroni, aina ya mzunguko wa ndani ya chembe yenyewe, ambayo haina mwenzake katika mekanika ya kale. Lakini vingi vinaazimwa, na mtu makini ana haki ya kukunja uso.

Mwaka uliofuata Erwin Schrödinger alifika palepale kwa mlango mwingine, na mlango huo ulikuwa umefunguliwa na Hamilton karibu miaka 100 kabla. Hamilton aliona kwamba hesabu za miale ya mwanga na hesabu za mwendo wa vitu zina umbo moja. Mwanga ni wimbi, lakini urefu wa wimbi lake ni kama nusu ya elfu moja ya milimita, kwa hiyo mbele ya ukuta unakata kivuli chenye ncha kali na tunasema unakwenda kwa mstari. Sauti ya mita moja, wimbi kwa wimbi, inapinda kona na kukufikia. Louis de Broglie alikuwa ameshapendekeza mwaka 1924 kwamba kila kitu kina urefu wa wimbi: h gawanya kwa momenta. Schrödinger akauliza: kama miale ni kivuli cha wimbi fupi, je, njia za Newton nazo si kivuli cha wimbi fupi? Ule mpira wetu una urefu wa wimbi wa kama mita 8 × 10⁻³⁵. Elektroni inayokwenda mita milioni moja kwa sekunde ina nanomita 0.7, upana wa atomi kadhaa. Mpira unakwenda kama mwale, elektroni inapinda kona kama sauti.

Mpira unajuaje njia?

Kanuni ya tendo ilikuwa na kasoro moja iliyowasumbua watu tangu enzi za Maupertuis, ambaye aliona ndani yake hekima ya Muumba. Kitu kinajuaje, kabla hakijaondoka, ni njia gani kati ya zote itakayokuwa na tendo tulivu? Mpira hauna kikokotoo.

Dirac aligusia jibu mwaka 1933, Richard Feynman akalikamilisha mwaka 1948. Kwenye kwanta kitu hakichagui. Kila njia inachangia, hata ya kipuuzi, na mchango wake ni kama mshale mdogo unaozunguka kama wa saa: duara moja kamili kwa kila h moja ya tendo. Mwishoni unaunganisha mishale yote kichwa kwa mkia. Inapoelekea upande mmoja, jumla ni kubwa. Inapoelekea ovyo, inafutana.

Rudi kwenye mpira unaoruka kwa sekunde moja. Ipinde njia yake kwa milimita moja tu katikati ya safari. Tendo linaongezeka kwa h zaidi ya 10²⁷, kwa hiyo mshale wa njia hiyo umezunguka mara hizo zote kuliko wa njia ya Newton. Na jirani yake aliyepinda kwa unywele zaidi ameelekea kwingine kabisa. Zote zinafutana. Kundi pekee ambalo mishale yake inakubaliana ni la njia zinazoizunguka ile ya Newton, kwa sababu hapo ndipo tendo halibadiliki ukipinda kidogo. Kundi hilo ni jembamba kiasi gani? Kwa mpira huu linatoka na upana wa kama mita 10⁻¹⁷, mara mia hivi chini ya upana wa protoni. Ndani ya atomi tendo zima ni h chache, mishale haijapata nafasi ya kupingana, na hakuna njia inayojitenga na nyingine. Ndiyo maana swali "elektroni ilipita wapi" halina jibu humo.

Mimi hesabu hii hunishangaza kila ninapoirudia. Kwanta hapa haikuiondoa sheria ya kale, imeieleza. Kile kilichokuwa fumbo la mekanika kwa karne mbili kimekuwa mafutano ya mawimbi.

Ila kuna mtego. Tumezoea namna Newton anavyotoka kwenye nadharia ya Einstein ya uhusianifu: punguza kasi, masahihisho yanapungua taratibu, mwisho yanatoweka. Vitabu vingi vinaiga hilo na kusema "h ikienda sifuri". Kwanza h haiendi popote, ni namba ya kudumu. Kinachopungua ni uwiano wake na tendo. Pili, uwiano huo unapopungua mawimbi hayatulii. Yanazidi kutetema, haraka na haraka zaidi, na mistari ya mwingiliano, yaani sehemu ambazo mawimbi yanaongezana au kufutana, inazidi kusongamana bila kufutika. Ili ufike kwa Newton inabidi kitu kingine kiisawazishe mitetemo hiyo.

Wastani haumtoshi Newton

Paul Ehrenfest alitoa mwaka 1927 uthibitisho mfupi ambao wengi wanaudhani umemaliza kesi: wastani wa momenta unabadilika kwa kadiri ya wastani wa kani. Unasomeka kama sheria ya pili ya Newton yenyewe. Lakini soma tena. Newton anataka kani pale mahali pa wastani palipo. Ehrenfest anatoa wastani wa kani kila mahali wimbi lilipotanda. Wimbi likiwa limegawanyika juu ya kilima, nusu mteremko wa kushoto na nusu wa kulia, wastani wa mahali uko kileleni, ambako kani ni sifuri, na kitu chenyewe hakipo kileleni hata kidogo.

Wimbi likibaki jembamba, tofauti haionekani. Basi litabaki jembamba kwa muda gani? Elektroni huru iliyofungiwa kwenye nafasi ya nanomita 0.1 inaanza kutanda kwa dhahiri baada ya sekunde kama 10⁻¹⁶. Chembe ya vumbi ya mikrogramu moja, ikiwa imejulikana mahali pake kwa elfu moja ya milimita, ingechukua kama miaka 600,000. Inaonekana tumeshinda.

Halafu anakuja Hyperion. Huu ni mwezi wa Zohali wenye umbo la kiazi, wa kilomita zaidi ya 300 kwa urefu, na mwaka 1984 Jack Wisdom, Stanton Peale na François Mignard walionyesha kwamba mzunguko wake kwenye mhimili ni wa vurugu: kosa dogo sana la kupima linakua maradufu kwa maradufu ndani ya wiki kadhaa. Vurugu hukuza kila kitu kidogo, na utandaji wa wimbi la kwanta ni kitu kidogo. Wojciech Zurek alikadiria kwamba kama Hyperion ingeachwa peke yake na mlinganyo wa Schrödinger, ule unaoeleza wimbi la kwanta linavyobadilika, katika muda wa miaka kama 20 ingekuwa katika hali mseto, imeelekea pande nyingi tofauti kwa mpigo. Miaka 20 ni kufumba na kufumbua kwa mwezi wa sayari, na ukubwa wake wote haukuusaidia kitu. Lakini Hyperion ukiitazama iko upande mmoja, kama mwezi wowote.

Haiachwi peke yake

Jibu liko kwenye maneno "peke yake". Dieter Zeh alilianzisha mwaka 1970 na Zurek akaliendeleza kuanzia 1981, na leo linaitwa dikohirensi.

Hali mseto inajulikana kwa mwingiliano wa mawimbi yake. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake nchini Japani walirusha elektroni moja baada ya nyingine, kwa nafasi kiasi kwamba karibu hakukuwa na mbili njiani kwa wakati mmoja. Kila moja iliacha doa moja kwenye kioo. Madoa ya kwanza yalionekana kama yamemwagwa ovyo. Yalipofika maelfu, mistari ya giza na mwanga ikajitokeza, kwa sababu wimbi la kila elektroni lilipita pande zote mbili na kujikuta tena likiwa bado linapatana na lenyewe.

Kupatana huko ndiko kunakoibwa. Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ikiigusa elektroni njiani na kuondoka, inachukua habari ya upande iliopita. Mistari inafifia. Hahitajiki mtu wa kuisoma habari hiyo. Inatosha kwamba imetoka. Na kitu kikubwa kinavuja habari bila kupumzika: hewa inakigonga, mwanga unakipiga, joto lake mwenyewe linatoka kama fotoni. Hyperion inamulikwa na Jua muda wote. Zurek alitoa mfano mwaka 1991: gramu moja ya kitu kwenye joto la kawaida, katika hali mseto ya mahali pawili palipoachana kwa sentimita moja, inapoteza mwingiliano wake mara 10⁴⁰ haraka kuliko msuguano unavyoweza kuisimamisha.

Hili limepimwa, tena kwa namna inayopendeza macho. Huko Vienna, kundi la Markus Arndt na Anton Zeilinger lilikuwa limeshaonyesha mwaka 1999 kwamba molekuli za kaboni zenye atomi 60 zinatoa mistari ya mwingiliano. Mwaka 2004 wakachukua zile za atomi 70 na kuzipasha moto kwa leza kabla hazijaingia kwenye kifaa. Zikiwa za joto la wastani, mistari ilikuwa safi. Joto lilipopanda zikaanza kung'aa zenyewe zikiwa safarini, kila fotoni ikisema molekuli iko wapi, na mistari ikafifia hatua kwa hatua. Karibu na kelvini 3,000 haikuonekana tena. Molekuli ni ileile, uzito ni uleule. Kilichobadilika ni kiasi gani ilikuwa inajitangaza.

Kinyume chake pia ni kweli: kitu kikubwa kikinyamazishwa kinarudi kwenye kwanta waziwazi. Mwaka 1984 na 1985, huko Berkeley, John Clarke, Michel Devoret na John Martinis walionyesha saketi ya umeme ya kuishika mkononi, iliyopozwa hadi karibu na sifuri ya joto, ikipenya kizuizi ambacho kwa mekanika ya kale isingekivuka, na nishati yake ikiwa ya ngazi kama ya atomi. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025 kwa kazi hiyo.

Kilichobaki

Dikohirensi inaeleza kwa nini hatuoni mistari ya mwingiliano ya viti na miezi. Haielezi kwa nini tunaona jibu moja. Baada ya habari kuvuja, hesabu inabaki na uwezekano kadhaa uliopoteza mawasiliano kati yao, kama karata zilizochanganywa na kufunikwa, na mlinganyo wa Schrödinger hauna mstari unaosema karata ipi imefunuliwa. Kanuni ya Born ya mwaka 1926 inatupa uwezekano wa kila moja, na inafanya kazi bila kukosea, lakini imeongezwa kutoka nje. Anayesema dikohirensi imelimaliza tatizo hili, liitwalo tatizo la upimaji, amesoma nusu ya hoja.

Bohr alishikilia kwamba vifaa vya kupimia lazima vielezwe kwa lugha ya kale, la sivyo hatuwezi hata kuambiana tulichopata. Hugh Everett alisema mwaka 1957 kwamba majibu yote yanatokea, kila moja na mtazamaji wake. Giancarlo Ghirardi, Alberto Rimini na Tullio Weber walichukua hatua ambayo mimi naiheshimu zaidi kwa sababu inaweza kupigwa na vipimo: mwaka 1986 waliubadilisha mlinganyo wenyewe, wakaweka ndani yake mvunjiko wa nadra mno kwa chembe moja lakini wa papo hapo kwa kitu chenye chembe nyingi. Kama wako sahihi, mpaka ule tulioukataa mwanzoni upo kweli, na una namba.

Mwaka 2019 kundi la Vienna lilipitisha kwenye kifaa chake molekuli zenye uzito wa kama mara 25,000 ya uzito wa atomi moja ya haidrojeni, nyingine zikiwa na atomi karibu 2,000. Mistari ilitokea. Kinachosubiriwa ni molekuli nzito zaidi, kwenye ombwe safi zaidi na baridi kali zaidi, itakayopita mle ndani isiache mistari, na hewa isiwepo ya kulaumiwa wala joto.